Kabla ya kuipa logi herufi mpya, ihoji kwanza

Simama hapo hapo, ndugu. Umeuliza uanzie wapi katika aljebra difarensia (aljebra inayobeba derivativu ndani yake), vipeuo vya pili vishughulikiwe vipi, na jibu lipangweje kwenye skrini. Lakini katikati ya maelezo yako umetaja kwamba programu yako ya kutafuta integrali itaipa kila logi, na kila e yenye kipeo, herufi yake, kisha itazichukua herufi hizo kuwa vigeu huru, yaani visivyohusiana. Mengine yasubiri, kwa sababu hapo ndipo nilipoangamia.

Jaribu 1/(x(ln 2x − ln x)). Ndani ya mabano hamna kitu zaidi ya ln 2, kwa hiyo integrali ni ln x / ln 2, na mwanafunzi aliyeanza kalkulasi juzi ataimaliza kwa mstari mmoja. Programu yangu iliandika u = ln x na v = ln 2x, ikaona asili v − u na kiasi 1/x, ikaita mbinu ya Rothstein na Trager, ambayo hutoa kwenye kiasi z (namba isiyojulikana bado) mara derivativu ya asili, kisha hukokotoa resultanti ya tokeo hilo na asili yenyewe, yaani kielezo kinachokuwa sifuri pale hizo mbili zinapokuwa na mzizi mmoja; mizizi ya resultanti hiyo ndiyo vizidishi vya logi za jibu. Derivativu ya u ni 1/x, na ya v vilevile ni 1/x, hivyo derivativu ya v − u ni sifuri. z ikatoweka, resultanti ikabaki 1/x isiyo na mzizi hata mmoja, na programu ikatangaza, kwa madaha ya hakimu, kwamba integrali hiyo haiandikiki kwa funksheni za msingi, yaani zile zinazojengwa kwa polinomia, vipeuo, logi na e yenye kipeo. Kila mstari wa programu ulikuwa sahihi. Nilitafuta kosa mpaka nikaanza kuishuku kompyuta, ambayo maskini haikuwa na hatia.

Kilichovunjwa ni sharti. Algorithimu ya Risch ya mwaka 1969, ile inayoamua kama integrali inaandikika kwa funksheni za msingi, iliyosimama juu ya nadharia ya Liouville ya miaka ya 1830, hudai kwamba kila kigeu kipya kisiwe mzizi wa polinomia yoyote juu ya uga uliotangulia (mkusanyiko wa vielezo vyote vilivyokwisha kujengwa), na kwamba namba thabiti, zenye derivativu sifuri, zisiongezeke. Sasa v − u ni thabiti iliyojificha ndani ya vigeu. Hata e^x na e^(2x) hufanya hila hiyohiyo: ukiziita t na w, derivativu ya w/t² ni sifuri. Na yule aliyeandika muhtasari wa kozi niliousoma alilimaliza jambo zima kwa tanbihi moja, "tuchukulie kwamba vigeu ni huru". Tuchukulie! Kana kwamba uhuru wa vigeu ni zawadi ya mwandishi.

Dawa ni hii: kabla ya kuongeza ln a, gawanya derivativu ya a kwa a, kisha uulize kama tokeo ni jumla ya derivativu za logi ulizokwisha kuziongeza na za vipeo vya e ulivyo navyo, kila moja ikizidishwa kwa namba wiani. Kwa e^a, uliza hivyo hivyo kuhusu derivativu ya a yenyewe. Jibu likiwa ndiyo, usiongeze kitu: ln 2x iandikwe u + ln 2, na e^(2x) iandikwe t². Ukiwa umeanza na e^x, kisha ikaja e^(x/2), namba wiani inayotokea ni 1/2 na utasukumiwa kipeuo cha pili cha e^x. Rudi nyuma, ifanye e^(x/2) kuwa t na e^x kuwa t², na angalau kipeuo kimoja kati ya vile ulivyoviulizia kitakuwa kimekuondokea.