Hewa ya Wilson si hewa ya Manda: kwa rubani mpya anayekuja Lamu

Karibu pwani, rubani. Leseni unayo, saa za mafunzo umezikamilisha, na sasa unataka kuileta Cessna 172 kutoka Nairobi mpaka Lamu. Kwa mstari mnyoofu ni maili za baharini 252 hivi, na ukiitazama ramani utaiona njia nyepesi: ardhi inateremka taratibu kuelekea baharini, wala hakuna mlima mkubwa wa kuvuka. Ugumu wa safari hii uko hewani. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na Manda, uwanja wa Lamu, iko futi 20 hivi. Makosa mengi ya wageni wa njia hii huja pale rubani anapochukua mazoea ya huko juu akayatumia huku chini, au anaporudi nayo ya huku.

Tuanzie Wilson. Chukua siku yenye joto la nyuzi 25. Kwa urefu ule, kipimo cha kawaida cha hewa kingekuwa nyuzi 4, kwa hiyo umezidi kwa 21. Kila nyuzi iliyozidi huhesabiwa kama futi 120 za urefu: zidisha 21 kwa 120, upate futi 2,520, kisha jumlisha na 5,536 za uwanja. Bawa, propela na injini vinafanya kazi kana kwamba viko futi 8,000. Injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000, maana yake robo ya nguvu imeshakwenda kabla hujaachia breki. Kwa sababu hiyo kitasa chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa hakisukumwi mpaka mwisho hapo. Sukuma cheusi, kile cha nguvu, mpaka mwisho, vuta chekundu polepole huku ukitazama mizunguko ya injini ikipanda, na ikifika kilele rudisha kidogo mbele. Ukiondoka na mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinachafuka na unatupa mizunguko uliyoihitaji kuinua gurudumu. Majedwali ya kitabu cha ndege yasome kwa futi 8,000, si kwa namba iliyoandikwa ukutani.

Sasa mafuta, na hapa ndipo tunapoomba uketi na karatasi. Misimu miwili ya upepo wetu, kaskazi ya Desemba hadi Machi na kusi ya Aprili hadi Septemba, iliwafaa mabaharia: mmoja wa kuja, mwingine wa kurudi. Rubani wa Nairobi hana bahati hiyo, kwa kuwa kaskazi hutoka kaskazini-mashariki na kusi hutoka kusini-mashariki. Yote miwili ina mashariki ndani yake, kwa hiyo kuja pwani panga upepo wa usoni. Tuseme ndege inakwenda noti 110 (maili za baharini kwa saa), upepo unakula 15, unabaki na 95. Maili 252 ni saa 2 na dakika 39. Kwa lita 34 kwa saa hizo ni lita 90, ongeza 5 za kupanda na 5 za kuwasha na kutembea chini. Manda ikifungika, itakubidi kwenda Malindi kwa kufuata ufuo, maili 85 hivi: lita 27. Akiba ya dakika 45 ni lita 26. Weka asilimia 10 ya safari kwa upepo uliokosewa, lita 9. Jumla ni 162.

Tangi la kawaida la 172 nyingi za zamani lina galoni 40 zinazotumika, yaani lita 151. Halitoshi. Toleo la S lina galoni 53, karibu lita 200, na hilo linatosha, lakini lita 200 zina uzito wa kilo 144. Toleo la S linaruhusiwa kilo 1,157 wakati wa kuruka, na tupu huwa na 770 hivi ukitegemea vifaa vilivyofungwa. Baada ya mafuta unabaki na kilo 240 na ushee, kabla ya begi. Kwa hewa ile ya futi 8,000, watu wawili na mizigo yao ndiyo hesabu tunayoipendekeza kwa safari ya kwanza. Rafiki wa tatu na apande basi.

Kumbuka tena kwamba Lamu ina kwenda na kurudi. Panga kana kwamba Manda hakuna hata tone la petroli ya ndege, halafu mpigie simu muuzaji wa Malindi siku moja kabla, umuulize lita ngapi ziko ghalani leo, si kama kwa kawaida huwa nazo. Uliza petroli ya ndege ya 100LL, ya rangi ya buluu. Mafuta ya jeti hayana rangi hiyo na yananuka kama mafuta ya taa, na yakiingia kwenye tangi lako injini itazima muda mfupi baada ya kuruka. Simama mwenyewe karibu na bomba wakati wa kujaza. Vipimo vya mafuta vya dashibodi usivipe imani. Chovya kijiti tangini.

Kwa hayo yote, safari ya kwanza pitia Malindi. Mstari mnyoofu wa Wilson hadi Lamu unakuweka kwa muda mrefu juu ya nyika isiyo na alama, mpaka uuone mto Tana. Njia ya kusini ni rafiki zaidi kwa macho: ukishaipita milima ya Machakos unaishika nyanda ya Yatta, ukuta mrefu wa lava wenye mgongo bapa usioweza kuuchanganya na kitu kingine, kisha mto Galana ndani ya Tsavo Mashariki, nao unakupeleka mpaka baharini ukiitwa Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini kidogo tu ya Malindi. Mvua ikiwa imenyesha bara, maji mekundu yanaonekana yakiingia baharini kutoka mbali sana. Ni maili 228 hivi. Ukielekea mashariki unatumia maelfu ya witiri na futi mia tano: 7,500 au 9,500. Kurudi, 8,500 au 10,500. Beba maji lita 5 kwa kila mtu, kwa kuwa ukitua kwa dharura Tsavo jua litakufikia kabla ya waokoaji.

Kushuka ndiko kunakowashinda wengi. Kutoka futi 9,500 hadi usawa wa bahari kwa futi 500 kwa dakika ni karibu dakika 19, na kwa noti 110 ni maili 35. Anza mapema, au utafika juu ya Malindi ukiwa bado futi 5,000 na masikio ya abiria yakilalamika. Njia nzima ya kushuka, kila futi 1,000 au 2,000, sukuma kitasa chekundu mbele kidogo. Mchanganyiko uliouweka juu kwa hewa nyepesi unakuwa mkavu mno, yaani mafuta ni machache, kwa hewa nzito ya chini. Injini inapata joto, inakohoa, na ukisukuma nguvu ghafla karibu na uwanja inaweza kukuzimikia.

Ndege yako ikiwa na kabureta, kuna adui mwingine ambaye Nairobi huenda hujamwona: barafu ndani ya kabureta. Mgeni huona ajabu, barafu Malindi! Lakini mafuta yanapogeuka mvuke, joto ndani ya kabureta linaweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Ukishuka na nguvu ndogo kwenye nyuzi 25 za nje, barafu inajengeka. Dalili yake ni mizunguko kupungua polepole bila wewe kugusa kitu. Fungua joto la kabureta lote, si nusu. Hapo mizunguko itashuka zaidi na injini itatikisika kidogo, maana inameza maji yaliyoyeyuka. Wapya wengi hushtuka wakafunga. Usifunge. Subiri itulie na mizunguko irudi. Toleo la S halina kabureta, kwa hiyo hili haliligusi.

Kutoka Malindi kwenda Lamu kuna mtego mmoja kwenye ramani. Mstari mnyoofu unakata Ghuba ya Ungwana na huweza kukuweka karibu maili 10 kutoka ufukweni. Cessna 172 bila injini huteleza kama maili moja na nusu kwa kila futi 1,000. Ukiwa futi 5,500 unafika maili 8, na upepo wa usoni unapunguza hata hizo. Fuata ufuo. Ngomeni utaitambua kwa majukwaa ya roketi ya Waitaliano yaliyosimama baharini, kisha mchanga mrefu wa ghuba, kisha Kipini ambapo Tana inamwaga maji yake ya udongo, kisha mikoko. Nyongeza ni maili chache, dakika tano au sita. Hata hivyo vaeni jaketi za kuokolea tangu Malindi. Jaketi iliyo nyuma ya kiti ni mzigo tu.

Kabla ya kuondoka soma NOTAM, yaani matangazo kwa marubani, za siku hiyo na uangalie maeneo yaliyozuiliwa upande wa kaskazini. Uwanja wako uko kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu. Kuna uwanja wa kijeshi wa Manda Bay bara, kaskazini zaidi, na majina yanafanana. Ukiona njia ya kurukia bila kuwa umeuona kwanza mji wa Lamu na mlango wa bahari kati yake na Manda, usiishukie.

Kutua Manda kunadanganya macho. Wilson, kasi ya 61 kwenye kipimo ni karibu noti 70 za kweli, na ardhi inakupita mbio. Manda, 61 hiyo hiyo ni karibu 63, na utaona ndege kama inasimama. Mkono utataka kushusha pua. Fuata kipimo. Wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, piga hesabu ya upepo wa ubavuni: upepo wa noti 20 ukija kwa pembe ya nyuzi 30 ni 10 za ubavu, nyuzi 45 ni 14, nyuzi 60 ni 17. Kitabu cha 172 kinataja 15 kama kiasi kilichothibitishwa, tena na rubani mzoefu. Ikizidi, rudi Malindi, ambako kuna njia mbili zenye mielekeo tofauti.

Na saa. Nahodha wa boti akikwambia saa tisa, ni saa tisa alasiri. Ukiandika 0900 kwenye mpango wa safari, hiyo ni UTC, saa ya kimataifa ya marubani, yaani saa sita mchana kwetu. Kutoka saa yetu ya mchana kwenda UTC ongeza tatu: saa 2 asubuhi ni 0500, saa 9 alasiri ni 1200, saa 12 jioni ni 1500. Lamu jua huzama muda mfupi baada ya saa 12 mwaka mzima, na giza halichelewi. Uwe chini kufikia saa 11. Ukitua, funga mpango wa safari kwa redio au simu kabla ya kuteremka gatini, la sivyo watu wataanza kukutafuta nawe unakunywa maji ya ukwaju.

Ndege ifunge kamba tatu, mabawa na mkia, na weka kabari kwenye magurudumu. Funika mrija wa kasi: nyigu wetu hujenga kwa udongo ndani yake kwa siku moja tu, na utagundua ukiwa katikati ya njia ya kurukia, kasi ikisoma sifuri. Asubuhi toa mafuta kidogo chini ya kila tangi na kwenye kichujio uangalie maji. Kwenye toleo la S kuna sehemu 13 za kutolea, na zote zina sababu ya kuwepo. Chumvi ioshe kwa maji baridi mara ukirudi.

Siku ya kurudi ondoka Malindi kama saa 2 na nusu asubuhi. Miezi ya Juni hadi Agosti Nairobi hufunikwa na wingu la chini mpaka saa 4 au 5, na miezi ya mvua alasiri ina radi. Nafasi yako iko katikati. Hapa ardhi inapanda kukufuata. Wingu lenye tumbo la futi 6,500 ni juu sana ukiwa Tsavo, na linagusa vilele Machakos. Likianza kukusukuma chini, geuka ungali na nafasi. Uwanja mdogo wa Voi uko kusini yako.

Ukikaribia kutua Wilson, mkono uliozoea pwani utataka kusukuma kitasa chekundu mpaka mwisho. Kiache pale injini inapovuta vizuri kwa futi 7,000. Ukilazimika kuahirisha kutua ukiwa na mchanganyiko wa Manda, utasukuma nguvu na ndege itapanda kidogo mno, majengo yakiwa mbele yako.