Paa la turubai unalifua, huliogeshi kama bodi

Kila nikipaki hapa Mwanza lazima atokee mtu aniulize, "kaka, hiyo gari mvua ikinyesha unafanyaje?" Nafunga paa, basi. Mvua haijawahi kuniharibia kitu. Walioniharibia ni mimi mwenyewe, vijana wawili wenye bomba la presha, na wale ndege makorongo wa Kirumba.

Gari ni Mazda Roadster ya 2007, nje ya Japani wanaiita MX-5, siti mbili, paa jeusi la kitambaa, unafungua loki moja tu pale juu katikati karibu na kioo cha mbele unalisukuma nyuma kwa mkono linajikunja lenyewe. Wiki ya kwanza tu nikafanya kile anachofanya kila mtu mwenye gari mpya mjini, nikaipeleka kuoshwa. Sasa wale vijana wamezoea Noah na Probox, wakaimwagia povu, wakaleta bomba la presha wakalisogeza karibu kabisa, yaani mdomo wa bomba uko kama kiganja kimoja kutoka kwenye kitambaa, na dogo mmoja kwa bidii zake akawa anaufuata mshono kwa mshono ili atoe vumbi lote. Mimi huyo nimekaa kwenye kreti na soda naperuzi simu. Siku mbili baadaye naona juu ya dirisha la kushoto uzi umeanza kutoka manyoya, na kwa ndani kuna doa la maji kubwa kama sahani ya chai.

Nikaenda kwa fundi siti, mzee mmoja wa Nyakato anayeshona viti vya daladala. Akapitisha kidole pale kwenye mshono, akaniangalia. "Bosi, hii si nguo hii? Suti yako ya harusi ungeipiga presha?"

Tangu siku hiyo nalifua kama nguo, na ndiyo ushauri wangu mzima huu, mengine yote ni namna ya kulifua. Vitambaa vya hizi paa kwa kawaida vina matabaka matatu, juu nyuzi, katikati raba nyembamba, chini kitambaa kingine tena. Raba ndiyo hasa inayozuia maji. Ukipiga presha unachakaza nyuzi za juu na unalazimisha maji yaingie kwenye matundu ya sindano, na mshono ukishafunguka hakuna raba itakayokusaidia pale.

Kwanza vumbi, tena likiwa kavu. Watu wengi wanakosea hapa, wanaanza na maji, na vumbi letu hili likilowa linakuwa tope linazama kwenye nyuzi. Mimi napitisha brashi laini, ile ya kung'arishia viatu yenye nywele nyingi laini, siyo ile ngumu ya kusugulia sakafu, au kama nina mashine ya kunyonya vumbi naipitisha. Halafu ndoo ya maji, namwagia taratibu kutoka juu. Sabuni ni shampoo ya gari isiyo kali, ikikosekana ya watoto, kifuniko kimoja kwenye ndoo kinatosha. Sabuni ya unga hapana, na jiki ndiyo usiiguse kabisa, inakula uzi na rangi inaondoka mabaka mabaka. Unasugua kwa mkono mwepesi ukifuata mlalo wa kitambaa, kipande kwa kipande, usizungushe zungushe. Kisha suuza, na hapa uwe na subira, suuza mpaka maji yanayodondoka hayana povu hata kidogo, maana sabuni ikibaki inavuta uchafu na maji yanaacha kuteleza. Kausha kwa taulo kwa kugandamiza, usifute kwa nguvu. Kazi hii naifanya saa moja asubuhi kivulini, jua la saa sita linakausha sabuni kabla hujamaliza upande wa pili. Mara moja kwa mwezi inatosha, kiangazi kukiwa na vumbi sana mara mbili.

Sasa mambo ya ziwani. Walioishi huku wanawajua wale wadudu wanaotoka ziwani kama moshi mweusi, ukiwa kwa mbali unadhani kuna kitu kinaungua katikati ya maji. Wakifika mjini usiku wanafuata taa, na kama umepaki chini ya taa ya geti asubuhi unakuta paa limegeuka rangi. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwafuta kwa kitambaa kibichi. Wanapondeka, wanaacha uji wa kijani kibichi hivi unaoingia ndani ya nyuzi. Subiri wakauke, kisha brashi, wanaobaki watoe kwa tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, unabandika unabandua, unabandika unabandua, inachosha lakini inatoa mpaka mabawa. Na hamisha gari kwenye giza, ndiyo dawa ya kweli.

Makorongo, yale makubwa yenye mfuko shingoni, hayo sina la kuyafanya. Yanashinda kule wanakouza samaki Mwaloni, jioni yanapanda juu ya miti, na kinyesi chake siyo kama cha njiwa, ni kikombe kizima cha chokaa. Kinaunguza rangi ya kitambaa kikikaa juani. Usikwangue. Weka tambara lililolowa maji juu yake, liache kama robo saa, kinalainika, unakinyanyua, ndio unasafisha pale na sabuni kidogo. Siku hizi natembea na chupa ya maji na tambara nyuma ya siti kwa sababu hiyo hiyo. Kupaki chini ya mti Kirumba ili upate kivuli, hiyo hesabu sikuipiga vizuri.

Kosa kubwa kuliko yote lakini ni lile la kulikunja paa likiwa limelowa. Msimu wa vuli nilikuwa nataka kupita daraja la Kigongo-Busisi paa likiwa wazi, kilomita tatu juu ya maji, nani asingetaka. Kufika Usagara mvua ikashuka, nikafunga, mvua ikakata kabla ya Kigongo, nikafungua, paa lote limelowa chapachapa nikalikunja hivyo hivyo. Daraja nikalipita, upepo mzuri sana sikatai. Nikarudi usiku nimechoka nikaacha gari ndani ya uzio likiwa limekunjwa na kava la nailoni juu, kesho yake nikapanda basi kwenda Shinyanga, siku nne. Niliporudi nikavuta lile paa, harufu iliyotoka ni ya gunia la dagaa lililonyeshewa. Vidoti vyeusi vya ukungu kwenye mikunjo yote. Nilifua mara tatu nikaanika paa likiwa limefungwa juani, harufu iliisha, vidoti viwili vitatu bado vipo mpaka leo. Kwa hiyo ukilazimika kulikunja bichi, sawa, ila ukifika tu lirudishe juu likauke, hata kama ni usiku wa manane. Na yale makava ya nailoni yasiyopumua yanafungia unyevu ndani kama sufuria la ugali, tafuta kava la kitambaa au acha bila kava.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia ni vitundu vya kutolea maji. Kwenye Roadster maji ya paa yanashuka nyuma ya siti, kulia na kushoto, yanaingia kwenye tundu kila upande na kutokea chini ya gari karibu na tairi ya nyuma. Hayo matundu yakiziba, maji yanageukia ndani. Mimi nilijua siku nimefunga breki kwenye mataa nikasikia nyuma yangu chubwi. Kapeti lilikuwa bwawa! Nilichotoa mle ni tope la vumbi, majani ya mwarobaini na hao hao wadudu wa ziwani. Usichome na waya utatoboa mpira wa ndani, mimi nilinunua nailoni nene ya mshipi wa sangara, ni ngumu kiasi lakini inapinda, nikaipitisha taratibu. Kila mwanzo wa masika na vuli namimina kikombe cha maji kila upande nachungulia chini, yakitoka haraka nalala vizuri.

Kuhusu dawa za kupaka za kuzuia maji. Mimina maji kidogo juu ya paa safi, yakijikunja matone na kuteleza bado lina kinga, yakinywewa kinga imeisha. Mimi natumia 303 Fabric Guard, niliagiza, hapa sikuipata. Paa liwe safi na kavu kabisa, ziba vioo na bodi kwa magazeti na ile tepu, puliza nyepesi nyepesi, kisha liache tangu asubuhi mpaka kesho yake bila maji. Polishi ya dashibodi inayong'aa usiipake kwenye kitambaa, inateleza siku moja halafu inakuwa gundi ya vumbi. Kuna jamaa mtaani alinishauri nipake kiwi nyeusi ya viatu rangi irudi, nikamuuliza wewe kofia yako unaipaka kiwi?

Ule mshono wa kushoto mzee wa Nyakato aliushona kwa mkono na uzi mnene wa nailoni akifuata matundu yale yale ya zamani ili asiongeze mengine. Rangi ya uzi haijalingana, ni nyeusi zaidi, ukisimama karibu unauona. Mvua ya jana usiku nilienda na tochi kuangalia kwa ndani, pakavu.