Kupima kinasi bila fosforasi-32

Umeuliza kama kasi ya kinasi (kimeng'enya kinachohamisha fosfeti kutoka ATP, molekuli ya nishati ya seli, hadi molekuli nyingine) inaweza kupimwa bila ATP yenye fosforasi-32, ambayo ni ya mnururisho. Inawezekana, na mimi ningeanza na njia ya kuunganisha vimeng'enya. Kinasi ikitumia ATP hutoa ADP, yaani ATP iliyopoteza fosfeti moja. Weka fosfoenolpiruveti, molekuli yenye fosfeti ya kutoa, na kimeng'enya cha piruveti kinasi: ADP inarudishwa kuwa ATP na piruveti inabaki. Kisha kimeng'enya cha pili, lakteti dehidrojenasi, huigeuza piruveti kuwa lakteti kwa kutumia NADH, ambayo hugeuka kuwa NAD+. NADH hufyonza mwanga wa nanomita 340, NAD+ haifyonzi, basi unatazama tu mstari ukishuka kwenye spektrofotomita. Mshuko wa kila dakika ugawe kwa 6,220 (kipimo cha jinsi NADH inavyofyonza mwanga huo), kama kyuveti ni ya sentimita 1, upate mole kwa lita kwa dakika.

Mtego uko kwa hivyo vimeng'enya viwili vya kusaidia: vikiwa haba, unapima kasi yao, si ya kinasi yako. Ongeza kinasi maradufu. Kasi nayo isipopanda maradufu, shuku wasaidizi kwanza. Ukijaribu vizuizi, yaani kemikali za kuzuia kinasi, rudia bila kinasi kwa kutia ADP moja kwa moja, uone kama kizuizi hakigusi wasaidizi. Na kama sampuli haijasafishwa, usisahau kipimo kisicho na sabstreti (molekuli inayopokea fosfeti kutoka kinasi), maana ATPesi, vimeng'enya vingine vinavyovunja ATP, zitakupandishia namba.

Fosfatesi, vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti, ni rahisi zaidi kupima: tumia para-nitrofenili fosfeti, ambayo ikipoteza fosfeti hutoa rangi ya manjano, simamisha kwa hidroksidi ya sodiamu, soma umanjano kwenye nanomita 405.