Umerudi Roma: utawaambiaje wapendwa?

Kama ulibatizwa parokiani ukiwa mchanga, ukaokoka chuoni, ukazamishwa kwenye maji mengi, na sasa unaamkia Misa ya kwanza kila Dominika, jua kwamba habari zitawafikia wapendwa, yaani walokole uliosali nao, hata ukinyamaza. Kuna atakayekuona na rozari kwenye daladala. Kwa hiyo waambie mwenyewe, tena mapema, na uanze na yule atakayeumia zaidi. Wa kukuelewa haraka anaweza kusubiri.

Mimi nilianza na mama aliyeongoza kikundi chetu cha maombi. Huyo ndiye aliyefunga pamoja nami nilipokuwa sina kazi. Nilikwenda kwake peke yangu, bila Katekisimu mkononi, nikasema: "Mama, nimerudi Katoliki. Nimetaka ulisikie kwangu." Alikaa kimya, kisha akauliza amenikosea nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya Papa, kumbe mtu anataka kwanza kujua kama umemchoka. Nilimwambia kwamba kuamka na Biblia alfajiri nilijifunza sebuleni kwake, na siachi. Kilichonirudisha ni Ekaristi: sura ya sita ya Yohana, pale Yesu anaposema mwili wake ni chakula cha kweli, ilifika mahali sikuweza tena kuisoma kama mfano tu. Hakukubaliana nami hata kidogo, ila tuliomba pamoja kabla sijaondoka.

Usitangaze kwenye grupu la WhatsApp. Utamiminiwa mistari ya Biblia na watu ambao hamjawahi hata kunywa chai pamoja, na utajikuta unajibu usiku kucha. Kabla ya kujitoa, rudisha funguo za stoo ya vyombo vya muziki, kabidhi daftari la michango, na kama uliahidi bati za ujenzi, zilipe. Anayehama na deni la ahadi hata aeleze Mapokeo ya Mitume kwa ufasaha gani, hasikilizwi.

Maswali ya Maria, sanamu na toharani yatakuja. Jibu kwa ufupi, na ukialikwa kwenye mdahalo, kataa kwa upole. Swali la kulipa muda ni hili: "Na ubatizo wako wa maji mengi?" Kanisa linakiri ubatizo mmoja. Ule wa utotoni haukufutika, ndiyo maana uliporudi ulipita kwenye kitubio bila kubatizwa upya. Hapo waambie na jambo ambalo wengi hawajawahi kulisikia: wao nao, waliobatizwa kwa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, Kanisa linawatambua kuwa ndugu katika Bwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulilisema wazi mwaka 1964. Nina marafiki walioamini kabisa kwamba Mkatoliki anawahesabu wapagani. Kwa Walutheri, wa Machame au Marangu tuseme, kuna pia Tamko la Pamoja la Wakatoliki na Walutheri juu ya kuhesabiwa haki mbele za Mungu, lililotiwa saini Augsburg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1999. Kwa Mpentekoste tamko hilo halina uzito, usilipoteze bure.

Kama ulifungishwa ndoa na mchungaji bila kibali cha askofu, mwone paroko kwanza. Kwa kawaida ndoa hiyo Kanisa halihesabu kuwa halali mpaka irekebishwe, na Komunyo itabidi isubiri. Mwenzako asikie hili kwako, kwa utulivu, kabla shemeji au jirani hajamwambia kwamba "eti hamjaoana". Mwambie pia kwamba ndoa inaweza kurekebishwa bila yeye kuhama dhehebu. Hili ndilo linalowasha moto kwenye nyumba nyingi kuliko Maria na watakatifu wote.

Wakikutaka kwenye maombi ya kufunguliwa, kana kwamba una pepo, sema hapana. Wakitaka kukuombea tu, inamisha kichwa uombewe. Wakikualika ibadani kwenye harusi au shukrani, nenda uimbe kwa sauti, lakini Meza ya Bwana usishiriki, na mwenyeji wako ajue hivyo kabla kikombe hakijapitishwa. Wangu nao nawaalika. Mwanangu alipopokea Komunyo ya kwanza walikuja karibu wote. Wawili walikaa nje kwenye gari mpaka Misa ikaisha, halafu wakawa wa kwanza kwenye foleni ya pilau.