Kabla Hujaigusa Mashine, Uliza Nani wa Tumbo Moja

Wengi mnaoanza kazi kwenye utafiti wa saratani ya utumbo mpana ya kurithi mnakuja na hamu ya mashine. Mmesoma habari za jeni, mnataka kuona DNA ikisomwa. Mashine mtaiona, na baada ya wiki mbili mtaipita kama mnavyolipita jokofu. Kazi yenyewe iko kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, ambapo wewe, mgonjwa na shangazi yake mnachora ukoo kwa penseli. Iko pia ndani ya kopo la formalini, dawa ya kuzuia nyama ya mgonjwa isioze kabla ya kupimwa. Mimi ni mtoto wa Arua, mji wa West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, kazi hii nimeifanyia Kampala, na kote kuwili nimekosea.

Nianze na benchi. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mwashi wa miaka 38. Mwaka mzima alikuwa akitokwa na damu chooni, na mwaka mzima alitibiwa bawasiri, halafu amiba, halafu bawasiri tena. Sitawalaumu sana waliomtibu, maana hapa Uganda damu kwenye choo ina wenyewe wengi. Kando ya Ziwa Albert na Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kimejaa, na amiba haijaisha. Lakini hakuna aliyemfanyia kipimo cha kidole, yaani daktari kupapasa kwa kidole ndani ya njia ya haja kubwa, kipimo kisichohitaji umeme wala foleni. Uvimbe wake ulikuwa karibu kiasi cha kuguswa.

Nikamuuliza, “Una ndugu wangapi?”

“Kumi na saba.”

Nikachora miraba ya wanaume na duara za wanawake, kumi na saba kwenye mstari mmoja, nikajiona mtafiti. Shangazi yake alikuwa pembeni anamenya chungwa. Akainama juu ya karatasi, akacheka. “Mwanangu, hawa wote umewatoa wapi?”

Wanne ndio walikuwa wa tumbo moja na baba mmoja naye. Sita walikuwa wa baba yake kwa mama wengine. Saba waliobaki ni watoto wa baba mdogo, nao kwetu ni ndugu tu. Ukiwaita binamu utaonekana unataka kuuvunja ukoo. Kwa mapenzi na kwa msiba wote ni sawa. Kwa jeni sivyo: wa baba na mama mmoja anashiriki naye nusu kwa wastani, wa baba mmoja tu robo, mtoto wa baba mdogo sehemu moja ya nane. Karatasi yangu ilikuwa imewapandisha watu kumi na watatu daraja lisilo lao. Tangu siku hiyo sisemi “ndugu” bila kuongeza “wa tumbo moja, baba mmoja?”

Kuna mtego wa pili. Kwa Baganda, na kwa wengi wetu, mtoto ni wa ukoo wa baba. Basi ukiuliza habari za ukoo utapewa upande wa baba mpaka kwa babu wa babu, na upande wa mama utaambiwa, “Hao si wa kwetu.” Ugonjwa hauna habari na ukoo. Jeni yenye kasoro hutoka kwa baba au kwa mama vilevile, na hupita kwa wana wa kiume na wa kike bila ubaguzi. Mtafute mama mkubwa au mama mdogo. Kama hakuja, omba simu yake.

Halafu neno “tumbo”. Wageni kwenye kazi hii hulalamika kwamba watu wanasema “alikufa kwa tumbo” na haijulikani tumbo gani. Mimi nimelipenda neno hilo. Ugonjwa wa kurithi tunaoutafuta zaidi, unaoitwa Lynch, haukai kwenye utumbo mpana peke yake. Kwa wanawake huenda kwenye kizazi na kwenye ovari, na huweza kushika tumbo la chakula au mirija ya mkojo. Ukikimbilia kuuliza “Alikuwa na saratani ya utumbo?” utajibiwa hapana, na shangazi aliyekufa kwa kizazi utamkosa. Mwache mtu aseme tumbo, kisha uliza taratibu: alivimba wapi? Damu ilitokea njia ipi? Alikuwa ameshakoma hedhi?

Habari yenyewe ilianza kwa mazungumzo ya namna hiyo. Mwaka 1895, huko Michigan, Marekani, mwanamke mshonaji alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba yeye atakufa kwa saratani ya tumbo au ya kizazi kama watu wa kwao. Akafa kweli, kwa saratani ya kizazi. Warthin alichora ukoo ule na kuuchapisha 1913, Henry Lynch akaurudia miaka ya 1960, na jeni ya kwanza ya ugonjwa huo, MSH2, ilipatikana 1993. Karibu miaka mia moja mashine zilikuwa zinamfuata yule mshonaji.

Umri nao una njia yake. Wazee wengi hawajui mwaka ndugu yao aliokufa, ila wanajua mambo yaliyotokea. Tengeneza kalenda yako: Amin alipoondoka, 1979, Museveni alipoingia Kampala, Januari 1986, Papa alipokuja, na uulize Papa yupi, maana wa 1969 si wa 1993. “Alikufa Museveni alipoingia, ana mtoto wa kwanza mgongoni.” Hapo umeshapata mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na huyo ni wa kutiliwa maanani sana.

Mtafundishwa kigezo cha Amsterdam cha 1990, cha kutambua familia yenye Lynch: jamaa watatu wenye saratani ya utumbo mpana, mmoja wao akiwa mzazi, mtoto au ndugu wa baba na mama mmoja wa wale wawili; vizazi viwili vinavyofuatana; mmoja aliyeugua kabla ya miaka 50. Kishikeni kichwani, lakini msikitumie kama lango. Kinataka ukoo ulioishi mpaka uzeeni, na familia zetu nyingi hazikupewa muda huo. Huko kwetu West Nile watu walikimbilia Sudan na Zaire baada ya 1979. Baadaye UKIMWI ukawachukua vijana. Mjomba aliyepigwa risasi ana miaka 27 huenda alikuwa na jeni hiyo, na karatasi itamwonyesha kama mtu mzima asiye na ugonjwa. Mimi tawi kama hilo nalizungushia alama ya kuuliza, na familia yenye alama hizo nyingi siiondoi kwenye utafiti kwa sababu tu haijafikisha watatu.

Mambo ya vibali nitayapita haraka kwa sababu mtaelekezwa na wengine: kamati ya maadili kwanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mtu wa utafiti. Hilo la mwisho mlitilie mkazo.

Sasa kopo. Yule mwashi alifanyiwa upasuaji Ijumaa jioni, hospitali siitaji. Kipande cha utumbo kikatiwa kwenye kopo lililowahi kubeba asali, hakikupasuliwa, formalini ikamiminwa juu kidogo kama mchuzi. Nilikiona. Nikasema Jumatatu kitakwenda maabara. Formalini huingia kwenye nyama polepole mno, na kwa joto la Kampala katikati ya kipande kuoza hakungoji. Inatakiwa ujazo wake uwe angalau mara kumi ya nyama, na utumbo upasuliwe ulale wazi. Nilikuwa nayajua yote hayo. Nilikuwa na haraka ya teksi.

Kilipokuja kupakwa rangi kwa ajili ya protini nne zinazorekebisha makosa ya DNA, yaani MLH1, PMS2, MSH2 na MSH6, zote nne hazikuonekana. Protini ikikosekana kwenye uvimbe, hiyo ni dalili ya Lynch. Nilifurahi kama niliyeshinda bahati nasibu. Mtaalamu wa patholojia alinitazama tu. “Na seli za pembeni zisizo na saratani zimeshika rangi?” Hazikushika. Basi hakuna jibu hapo, ni nyama iliyoharibika. Ningepaswa kushtuka mwenyewe: protini hizi huenda kwa jozi, MLH1 ikipotea PMS2 huifuata, MSH2 ikipotea MSH6 huifuata. Jozi zote mbili kupotea kwa mpigo ni nadra mno. Kwanza angalia kopo.

Nikasema tutachukua damu yake tupime moja kwa moja. Nilipopiga simu aliyepokea alikuwa shangazi. Walikuwa wameshamzika wiki tatu.

Kwa hiyo damu ya mgonjwa ichukueni siku ileile ya kwanza, mililita tano kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, hata kama hamjui mtaifanyia nini. Mgonjwa ndiye anayeonyesha ni badiliko gani la kutafuta kwa wenzake. Bila yeye, dada yake akipimwa na asikutwe na kitu, huwezi kumwambia yuko salama; labda hamkujua pa kutazama. Na hata mkimpima mgonjwa, jiandaeni kwa majibu yasiyoeleweka, kwa kuwa hazina kubwa za jeni zimejengwa kwa damu za watu wenye asili ya Ulaya na mabadiliko mengi ya kwetu hayajaandikwa maana yake.

Dada yake mwashi, wa tumbo moja, anauza mitumba soko la Owino, alikuwa na miaka 31. Nilikwenda kumweleza. Familia iliyozika vijana watatu huwa na maelezo yake tayari, na yao yalikuwa uchawi wa jirani. Sikubishana. Nilirusha sarafu mbele yake mara nne, nikamwambia kila mtoto wa mzazi mwenye jeni hiyo anarushiwa yake. Si kwamba wakizaliwa wanne lazima wawili waugue. Akauliza kama ni kosa la mama yao. Jiandaeni kwa swali hilo.

Mwenye hatari ya Lynch hutazamwa utumbo kwa kamera kila mwaka mmoja au miwili, akianzia miaka kama 25. Nikampa tarehe, hakuja. Nikampa nyingine, hakuja. Nikaandika kwenye faili kwamba amekataa.

Hakuwa amekataa. Kabla ya kamera mtu hunywa dawa ya kusafisha tumbo na kwenda chooni usiku kucha. Yeye anaishi kwenye muzigo, chumba kimoja, choo cha nyumba nane, kina kufuli, na ufunguo analala nao mwenye nyumba. Aliona aibu kuniambia. Nilikuwa nimemuuliza habari za babu wa babu yake, choo sikuuliza.

Akalala kwa shangazi. Kamera ilikuta kinyama kimoja cha kama sentimita moja, kikakatwa palepale, na safari hii formalini niliipima mwenyewe. Shangazi alikuwa anangoja nje kwenye benchi. Akaomba aione tena ile karatasi, akaweka kidole kwenye duara la dada yake mkubwa.

“Huyu ana mtoto Mbale,” akasema. “Hukumwandika.”