Je, kumpa mraibu sindano mpya ni kumsaidia katika dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mdogo wangu wa kiume anajidunga heroini na tumeshindwa kumwachisha. Wahudumu wa afya wamenishauri nimchukulie sindano mpya zinazotolewa bure ili asichangie na wenzake, lakini jamaa wananiambia kwamba ninamsaidia katika haramu, na kwamba akipata VVU hiyo ni adhabu aliyojitakia. Nini hukumu yake?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, zichukue sindano hizo umpelekee, wala usione kwamba unatenda dhambi, maadamu nia yako ni kumkinga na mauti huku ukiendelea kumtafutia tiba.

Heroini ni haramu na sindano mpya haiihalalishi, Mtume (s.a.w.) amesema kila kilevi ni haramu, na hapo hapana mjadala. Wanaokukataza wanategemea Suratul Maida, aya ya 2, inayotukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Aya ni ya haki, ila wameiweka pasipo mahali pake. Anayemsaidia mraibu katika dhambi ni yule anayempa unga, yaani heroini yenyewe, au anayempa fedha akijua zitaishia kwenye unga, na hilo la fedha nakuonya nalo sana. Sindano haikumtia uraibu, wala kukosekana kwake hakumzuii: arosto, yale mateso ya kukosa unga, ikimshika naye hana sindano ya kwake, ataazima ya mwenzake.

Na kuazima huko ndiko kunakoua. Mwenye kujidunga huvuta kidogo bomba ili aone damu ikiingia na ajue kwamba ameupata mshipa. Damu hiyo hubaki ndani ya bomba na kwenye tundu la sindano, pengine isionekane kwa macho, na virusi vinaweza kukaa humo vikiwa hai kwa siku nyingi, hata wiki kadhaa. Kisha anayefuata huisukuma moja kwa moja mwilini mwake. Kusuuza kwa maji hakutoshi. Kijiko cha kuyeyushia na pamba ya kuchujia navyo vikichangiwa hueneza maradhi, hasa homa ya ini aina ya C, kwa hiyo mwambie asivichangie navyo.

Wanavyuoni wametuwekea kanuni kwamba madhara mawili yakikutana na pasiwe na njia ya kuyaepuka yote, huvumiliwa lililo jepesi ili kuzuia lililo zito. Kujidunga kwake hatujaweza kukomesha leo, lakini VVU twaweza kuvizuia leo, navyo haviishii kwake, bali hufika kwa mke na kwa mtoto aliye tumboni, ambao hawakushika sindano wala unga. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na Suratul Maida hiyo hiyo, aya ya 32, inamhesabu aliyeokoa nafsi moja kama aliyeokoa watu wote. Malaysia, yenye Waislamu wengi, ilianza tiba ya methadoni, dawa wapewayo waraibu badala ya heroini, mwaka 2005 na ugawaji wa sindano mwaka 2006, na Iran imetoa methadoni hata magerezani.

Methadoni yenyewe inajuzu, kwa kuwa ni dawa inayonywewa kila siku chini ya uangalizi wa tabibu. Huondoa arosto, na kwa kipimo kilichopangwa vyema mtu huweza kufanya kazi na kuswali akiwa na akili yake. Huko ndiko umwelekeze.

Ama kumhukumu kwamba maradhi ni adhabu yake, hilo silikubali hata kidogo. Aliletwa kwa Mtume (s.a.w.) mtu aliyekuwa akiadhibiwa mara kwa mara kwa ulevi, mmoja wa waliokuwepo akamlaani, Mtume akamkataza na kushuhudia kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Basi jamaa zako nao wazuie ndimi zao, maana mraibu anayetukanwa hujificha, na anayejificha hapimwi.

Mpeleke akapimwe. Akikutwa na virusi aanze ARV mara moja, na ni wajibu wake kumweleza mkewe, ikiwa anaye, kwa kuwa kumficha ni kumdhuru. Akikutwa salama kisha akachangia sindano tena, awahi kwa daktari ndani ya saa 72, kwani zipo dawa za kuzuia maambukizi zinazofaa zikianzwa ndani ya muda huo, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake.

Wallahu a'lam.