Maswali na majibu: Unataka kuuza masomo yako ya kinanda

Nina video 46 za kufundisha kinanda cha kwaya. Naziuza mtandaoni na kwa mwezi naingiza kama laki nne. Biashara yote niiuze bei gani? (Msomaji, Nyegezi)

Anza na faida, ndugu yangu, siyo mauzo. Toa bando, matangazo na ujira wa anayejibu wanafunzi usiku, hata kama ni wewe. Tuseme inabaki laki mbili. Kwa mwaka ni 2,400,000. Biashara ndogo za mtandaoni aghalabu huuzwa kwa bei sawa na faida ya mwaka mmoja hadi mitatu. Ili usogee juu, toa taarifa ya miamala ya miezi 12.

Mnunuzi makini atakuuliza pia: ukienda Ukerewe wiki mbili umezima simu, masomo yataendelea kuuzika? Kama kila mwanafunzi anakurekodia sauti akiimba solfa na kusubiri umsahihishe, anachonunua mnunuzi ni masikio yako, na hayo huwezi kumkabidhi. Kabla hujatangaza, rekodi masahihisho ya makosa yanayojirudia, kama mkono wa kushoto unaochelewa, yawe sehemu ya masomo. Yana faida kuliko kupamba tovuti.

Nyimbo ninazofundishia zimetungwa na watunzi wa kwaya za hapa Mwanza. Niziuze humo humo? (Ilemela)

Hapana, mpaka wakubali kwa maandishi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi hata kama ni rafiki yako wa parokiani aliyekupa nota bure. Alikuruhusu wewe, siyo mnunuzi wako. Wafuate Jumapili baada ya misa, karatasi mkononi. Inauma sana mzee kukuta wimbo wake unauzwa na mtu asiyemjua.

Nakabidhi nini? (Igoma)

Tovuti, chaneli, mafaili asilia ya video, na jina la biashara kama ulilisajili BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Namba za wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, hivyo waarifu kwanza. Lipa namba iliyo kwa jina lako usimwachie, afungue yake.

Nilipouza masomo yangu ya gitaa nilisahau kubadilisha namba ya simu inayopokea msimbo wa kuingilia. Mnunuzi alifungiwa nje ya chaneli siku nne, mimi niko kisiwani, simu haishiki mtandao. Wanafunzi wawili walidai pesa zao. Kaeni meza moja, na fedha azishike wakili mpaka mnunuzi aingie kwa simu yake mwenyewe.

Nikishauza, nitaruhusiwa kufundisha tena? (Sengerema)

Inategemea mkataba. Wengi watataka usishindane nao mtandaoni kwa muda fulani. Kubali, ila iandikwe wazi kwamba kufundisha kwaya yako ana kwa ana hakumo.